Aliyemnawisha Eliya Mikono

Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa redioni. Masomo: 1 Wafalme 19:19–21 na 2 Wafalme 3:9–12.

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya mtu mzima anayeiacha kazi aliyoisomea na kuanza kujifunza kazi nyingine akiwa na miaka 30 au 40. Na kazi tutakayoitaja hasa ni uuguzi.

Kwanza tufungue Biblia. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, tunamkuta Elisha mwana wa Shafati akiwa shambani. Palikuwa na jozi 12 za ng'ombe zikilima, na Elisha mwenyewe alikuwa na ile ya mwisho. Ninyi wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma mnalielewa jambo hili kuliko wasomi wengi. Mwenye jozi moja ya ng'ombe wa kulima si maskini. Mwenye jozi mbili huwalimia majirani wakamlipa. Sasa fikirini jozi 12, yaani ng'ombe 24, katika shamba moja siku moja! Elisha hakuwa kijana aliyekosa la kufanya. Alikuwa na kazi, aliijua vizuri, na ilikuwa ikimlisha.

Eliya akapita, akamfunika kwa joho lake. Elisha akaomba kwanza awaage wazazi wake. Kisha akachinja jozi moja, akachukua miti ya plau kuwa kuni, akapika nyama, akawalisha watu wa kwao, akaondoka kwenda kumtumikia Eliya.

Je, alimtumikia kwa kazi gani? Baada ya hapo Biblia yanyamaza. Tunasoma habari za vita na za wafalme, sura baada ya sura, wala hatumsikii Elisha mpaka siku Eliya anapochukuliwa mbinguni. Lakini tunajua alichokuwa akifanya miaka ile yote. Baadaye wafalme watatu walikwama nyikani bila maji, wakauliza kama yuko nabii karibu. Mtumishi mmoja akawaambia kwamba yuko Elisha, yule aliyekuwa akimnawisha Eliya mikono. Hakuwatajia ng'ombe 24. Aliwatajia maji na mikono.

Kwetu magharibi mwa Kenya kila mtu anajua maana yake. Kabla ya ugali kuliwa, mgeni huletewa maji. Mwenye heshima hukaa kitini, na mdogo husimama mbele yake na jagi na beseni. Elisha, mwana wa mwenye jozi 12, aliacha kuwa yule anayeketi akawa yule anayesimama na beseni. Basi, shikeni hilo beseni mioyoni mwenu, maana tutarudi kwake.

Miaka michache iliyopita, tulipokuwa tukihudumu katika parishi moja karibu na mji wa Kitale, dada mmoja wa kanisa alitujia nyumbani jioni. Hatutamtaja jina. Alikuwa na umri wa miaka 34, ameolewa, na ana watoto wawili. Alikuwa na digrii ya biashara, akishika hesabu katika afisi moja mjini. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini uliingia kila mwezi. Wazazi wake walikuwa wameuza ng'ombe ili asome, na siku alipohitimu kijiji kizima kilimshangilia.

Dada huyu alikuwa amemwuguza mama yake mzazi kwa miezi minane, baada ya mama kupatwa na kiharusi upande mmoja wa mwili. Mwanzoni hakujua lolote. Mama alilala upande mmoja mpaka akapata vidonda mgongoni na nyongani. Ndipo muuguzi wa zahanati akaja nyumbani, akamfundisha. Alimwambia kwamba mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Shuka lake hunyooshwa lisiwe na mikunjo. Ngozi yake huoshwa na kukaushwa vizuri. Anapolishwa huinuliwa kifua, na chakula hupewa kidogo kidogo, asije akapaliwa. Dada yule akafanya hivyo, na vidonda vikafunga. Baadaye mama alifariki kwa kiharusi cha pili, lakini alifariki akiwa msafi, bila kidonda hata kimoja.

"Pasta," dada yule alituambia, "tangu tumzike mama, nikiketi mbele ya vile vitabu vya hesabu naona kama mikono yangu haina kazi. Nataka kwenda kusomea uuguzi."

Ndugu msikilizaji, tutakuambia tulivyomjibu, ingawa tunaona haya. Tulimwambia, "Dada, umekwisha kufika mbali. Mungu amekupa digrii na kazi. Utaketije darasani na watoto wa miaka 18? Na wale wazazi waliouza ng'ombe, utawaambia nini?" Tena tukamsomea maneno ya Bwana Yesu katika Luka 9:62, juu ya mtu aliyeshika plau kisha akageuka kutazama nyuma. Tukamwombea. Akasema, "Asante, Pasta," akaenda zake. Nasi tukadhani tumemsaidia.

Tulikosa, wapendwa. Tulikosa kwanza kwa sababu hatukumwuliza hata swali moja. Tulikosa tena kwa sababu tulilitumia Neno la Mungu kama fimbo. Bwana wetu alisema juu ya mtu anayeuacha Ufalme wa Mungu, si juu ya mtu anayeiacha afisi. Elisha naye alikuwa ameshika plau, tena aliiacha, akaipasua kuwa kuni, na Biblia haimlaumu.

Lakini kosa kubwa ni la tatu. Sisi wenyewe tulikuwa mwalimu wa shule. Tulikuwa na miaka 31 tulipoacha chaki tukaenda chuo cha theolojia, na siku tulipoondoka kanisa lilitupigia makofi, akina mama wakaimba, na mfuko wa sadaka ukapitishwa kwa ajili yetu. Hakuna aliyetuambia kwamba tunarudi nyuma. Kwa nini basi kuacha kazi ili kusimama mimbarani kuitwe wito, na kuacha kazi ili kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa kuitwe kupotea?

Tufikiri na jambo hili. Wako wengi wa watoto wetu waliokwenda Marekani na digrii za ualimu na za biashara. Wakifika huko, wengi huanzia kazi ya kuwaosha na kuwalisha wazee, kisha huingia shule ya uuguzi. Sisi huku hufurahi. Tulifanya harambee ya tikiti, tukawasindikiza, na leo tunawataja kwa fahari. Lakini mwenzao akifanya jambo lile lile Kitale au Bungoma, twasema ameanguka. Ni beseni lile lile na maji yale yale. Je, tunaheshimu kazi au tunaheshimu dola?

Dada yetu alikwenda, kwa ruhusa ya mumewe na bila baraka zetu. Tungependa mjue njia aliyoipita, kwa maana wako wasikilizaji wanaoifikiria usiku wa leo.

Kwetu Kenya, digrii ya kazi nyingine haifupishi safari hii kama inavyoweza kuifupisha kwingine. Marekani ziko shule zinazompokea mwenye digrii nyingine na kumfundisha uuguzi kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu, na Uingereza kwa miaka miwili. Hapa, kinachotazamwa kwanza ni kile cheti cha kidato cha nne ambacho wengi wetu tulikisahau sandukuni. Kwa masomo ya diploma hutakiwa kuwa na alama ya wastani isiyopungua C, pamoja na alama nzuri katika biolojia na katika lugha. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na digrii yenye heshima na bado akakwama kwa sababu aliiacha biolojia akiwa kijana. Dada yetu alikuwa ameisoma. Diploma ni kama miaka mitatu. Digrii ya uuguzi, kama ile inayofundishwa katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, ni miaka minne, na baadaye mwaka wa mazoezi kazini. Chuo cha mafunzo ya utabibu, kinachojulikana kwa wote kama KMTC, kina matawi Kitale, Bungoma na Webuye, hivi kwamba mtu wa pande hizi hahitaji kwenda Nairobi. Mwisho wa yote uko mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1983. Bila leseni ya Baraza hilo, hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi hii.

Hatutawaficha ugumu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2025 kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8, na bado walipungua milioni 5.8. Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba kila muuguzi hupata kazi siku anapohitimu. Sivyo. Kwetu wako waliohitimu ambao wako nyumbani, kwa sababu kuhitaji wauguzi ni jambo moja na kuwa na fedha za kuwaajiri ni jambo lingine. Mnakumbuka mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, ulioanza mwezi wa Juni ukaisha Novemba. Mnakumbuka pia kwamba mwezi wa Julai 2021 serikali yetu ilitia sahihi mapatano na Uingereza ili wauguzi wetu waende kufanya kazi kule. Basi anayeingia njia hii aingie macho yakiwa wazi.

Dada yetu na mumewe walipiga hesabu yao, kama Bwana wetu alivyofundisha katika Luka 14 juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Waliuza gari dogo walilokuwa nalo. Shamba la mahindi hawakuliuza. Yeye akapata nafasi katika chuo kimoja upande wa Bungoma, akawa akirudi nyumbani wakati wa likizo na baadhi ya Jumamosi. Mumewe akajifunza kupika na kumsuka binti yao nywele, jambo lililowachekesha majirani kwa muda, kisha wakazoea.

Mwaka wa pili wa masomo yake, mzee mmoja wa kanisa letu alikwenda kumtembelea binti yake upande wa Bungoma, akaanguka bafuni, akavunjika nyonga, akalazwa huko. Tukapanda matatu Kitale asubuhi na mapema, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, tukafika Webuye, tukashika barabara kuu hata Bungoma. Tulikuwa na Kitabu cha Sala na kile kisanduku kidogo cha Ushirika Mtakatifu.

Tulipoingia wodini tulikuta pazia limevutwa kuzunguka kitanda cha mzee. Tukaita kwa sauti ndogo. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, "Subirini kidogo hapo nje. Namwosha mzee."

Tukangoja. Tukasikia maji yakimiminwa katika beseni. Tukamsikia yule mwanamke akimweleza mzee kila jambo kabla ya kulifanya. "Baba, sasa naosha mgongo. Maji ni ya vuguvugu. Sasa nakugeuza upande wa dirisha. Shika mkono wangu, tusiuguse mguu ule." Mzee wetu, ambaye nyumbani kwake hata chai humiminiwa na wajukuu, alikuwa akitii kama mtoto. Kisha pazia likafunguliwa, na aliyekuwa ameshika beseni ni yule dada wa Kitale, amevaa sare ya mwanafunzi.

Hakutukumbusha neno lolote. Alituamkia, akasema mzee yuko tayari kwa sala, akaenda kumwaga maji. Mzee akatunyoshea mikono iliyokwisha kuoshwa, tukampa Ushirika Mtakatifu. Baada ya sala alituambia, "Pasta, nilidhani nitakufa kwa haya kabla ya kufa kwa mguu. Huyu ameniosha, wala sikuona haya."

Tulisimama pale tukajua kwamba tulikuwa tumefika wa pili. Ibada ilikuwa imekwisha kuanza kabla yetu, nyuma ya pazia, kwa beseni na kitambaa. Ndipo jina la Elisha likatujia.

Jambo jingine tulilijua siku ile. Tulimwuliza sista msimamizi wa wodi kama mwanafunzi huyo anaendelea vizuri. Akatuonyesha chati ya mzee, ile inayoandikwa maji yote yaliyoingia mwilini na yote yaliyotoka kwa saa 24. Akasema wanafunzi wengi hukosea kujumlisha, lakini chati za huyu husomwa kama daftari la benki. Tena matone ya maji ya mshipani, yahesabiwayo kwa dakika, huyahesabu upesi kuliko wenzake. Kumbe zile hesabu hazikupotea! Mungu hapotezi alichotufundisha. Hubadilisha tu shamba la kukitumia.

Dada yetu si wa kwanza. Florence Nightingale alifundishwa na baba yake Kiyunani, Kilatini na hesabu, na jamaa zake matajiri walikataa kabisa awe muuguzi. Alikuwa na miaka 31 alipokwenda mwaka 1851 kujifunza kwa mashemasi wanawake wa Kaiserswerth, Ujerumani, mahali palipoanzishwa na mchungaji wa parishi, Theodor Fliedner, pamoja na mkewe. Baadaye takwimu alizoziandika juu ya vifo vya askari zilisaidia kubadilisha hospitali za nchi yake.

Na yuko mwingine aliye karibu zaidi na habari yetu. Cicely Saunders alizaliwa Uingereza mwaka 1918. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford vita vikuu vya pili vilipoanza. Mwaka 1940 aliyaacha masomo yale akaenda kujifunza uuguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Akahitimu, lakini mgongo wake ulikuwa mbovu, na kazi ya kuwainua wagonjwa ikamshinda. Akarudi akamaliza digrii yake, kisha akafanya kazi ya kushughulikia shida za wagonjwa na jamaa zao. Huko alimwuguza moyo Myahudi mmoja kutoka Poland, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani mbali na kwao. Alipofariki mwaka 1948 alimwachia pauni 500, akitaka awe dirisha katika nyumba ambayo Cicely angejenga siku moja. Nyumba yenyewe haikuwako bado! Cicely akaanza kusomea udaktari akiwa na miaka 33, akahitimu mwaka 1957, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's, London, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa. Alifundisha ulimwengu kumpa mgonjwa dawa ya maumivu kwa saa zake, bila kungoja maumivu yarudi kwanza. Kazi hiyo ilifika kwetu pia, na Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Kama mtu angemwambia Cicely, "Umekwisha kusoma, usianze tena," ni wangapi wangekufa wakilia kwa maumivu?

Na wanaodhani kwamba uuguzi ni kazi ya waliokosa nyingine, wakumbuke kwamba mwaka 1981 mwanamke Mkenya, Eunice Muringo Kiereini, alichaguliwa kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Mwafrika wa kwanza kukiketi kiti hicho.

Sasa tuseme maneno matatu, kisha tumalize.

La kwanza ni lako wewe unayefikiri kuiacha kazi yako. Jipime kwa beseni, usijipime kwa sare. Je, umewahi kumwosha mgonjwa asiye wa jamaa yako? Umewahi kukesha naye? Nenda kwanza hospitali iliyo karibu nawe, omba ruhusa usaidie, uone kama moyo wako unabaki pale harufu inapokuwa kali na mgonjwa anapokutukana. Kama unaikimbia tu afisi kwa sababu ya ugomvi na mkubwa wako, utawakuta wakubwa hospitalini pia. Kama unatafuta njia ya kwenda ng'ambo, sema hivyo wazi mbele ya Mungu. Si dhambi kutafuta riziki, lakini usiibandike jina la wito. Tena uangalie vizuri Elisha alivyofanya. Alichinja jozi moja. Jozi 11 zilibaki kwa Shafati. Usiuze kila kitu. Usiwaache watoto bila shamba kwa ajili ya karo yako.

La pili ni la jamaa. Elisha hakutoroka, aliwaaga wazazi wake kwa busu. Mume au mke asiambiwe siku barua ya chuo inapofika. Nanyi wazazi mliouza ng'ombe, tunawasihi. Mlimsomesha mtoto ili awe mtu, si ili awe cheti ukutani. Elimu ile bado imo ndani yake.

La tatu ni la kanisa, na hapa tunajihukumu sisi wenyewe kwanza. Watu wa kijiji cha Elisha walikula nyama ile. Walijua anakokwenda, wakaketi naye siku ya kuondoka. Je, sisi tumewahi kumwombea mbele ya kanisa mtu anayekwenda kujifunza uuguzi, kama tunavyomwombea anayekwenda chuo cha theolojia? Tumewahi kumlipia nauli? Tumewahi kuwapikia watoto wake aliowaacha? Paulo aliandika kwa Warumi, sura ya 16, akiwaomba wampokee Fibi, mtumishi wa kanisa, na wamsaidie katika neno lolote atakalohitaji. Hakusema wamsifu tu. Alisema wamsaidie.

Mtatuuliza dada yetu yuko wapi leo. Alihitimu, akafaulu mtihani wa Baraza, akapata leseni. Alikaa nyumbani miezi mingi bila kazi. Sasa anafanya kazi kwa mkataba wa muda, na mshahara wake haujafika ule wa afisini. Deni la karo halijaisha. Mkataba huo ukimalizika, hajui kama atapewa mwingine. Tulipomwuliza kama anajuta, hakutuficha. "Pasta, ziko siku," alisema. "Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, siku hiyo najuta. Lakini bado sijamwomba Mungu anirudishe."

Tulimwomba msamaha kwa yale tuliyomwambia jioni ile. Akacheka, akasema, "Pasta, mlikuwa mnaniogopea tu." Ni kweli, tulikuwa tukimwogopea. Lakini mchungaji hakuitwa awaogopee watu. Ameitwa atembee nao.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyemwita Elisha kutoka shambani, wakumbuke wote wanaokuuliza usiku huu kama waanze upya. Uwape akili ya kupiga hesabu na moyo wa kutii. Uwatie nguvu wauguzi wanaokesha Kitale, Bungoma na kila mahali, na wale waliohitimu wanaongoja kazi. Uwagusie wanaotawala, ili wagonjwa wasikose mikono ya kuwahudumia. Utusamehe sisi tuliowakatisha tamaa watumishi wako. Ututayarishe nasi kushika beseni, kwa jina lake yeye aliyewaosha wanafunzi wake miguu, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.